Minyonyo ya Mwenyekiti

Kama yupo mtu aliyewahi kuhangaika kwa kukosa bangi bila kuwa mvutaji, ni Darweshi Shemboza, mwenyekiti wa kamati ya kupambana na dawa za kulevya ya kijiji chetu huku juu ya Lukozi. Na hakuna aliyemsukuma. Shimo alilichimba mwenyewe, akaingia mwenyewe, na alipokuwa ndani ndipo akaanza kutafuta mtu wa kumlaumu. Kila alipotazama, aliona uso wake tu.

Sifa zake zilianzia kwa mzee Mosi. Miaka michache iliyopita kamati ilikuta miche ya bangi katikati ya mahindi ya mzee huyo, kieneo kisichozidi kitanda cha kamba. Wakang'oa, wakachoma, wakapigwa picha. Habari ilipofika Lushoto mjini kitanda kilikuwa kimegeuka shamba, na ilipofika Tanga shamba lilikuwa limegeuka msitu. Darweshi hakusahihisha. Nani anasahihisha sifa zake? Akapewa cheti, akapewa fulana, na barabarani, pale pikipiki zinapopindia kuingia kijijini, likasimamishwa bango: KIJIJI HIKI HAKINA DAWA ZA KULEVYA. Chini yake kuna jina lake. Wilaya haikuagiza jina hilo. Darweshi alimwomba fundi rangi aliongeze kidogo tu, pale pembeni, akamtuliza kwa mkungu wa ndizi.

Basi mwaka huu, msimu wa matunda ya plamsi, ikaingia simu ya Angel. Huyu Angel ni ofisa ustawi wa jamii wa wilaya, dada mmoja mwenyeji wa Moshi, mpole, anayeandika kila anachoambiwa. Akasema kuna wageni wanakuja kutoka nchi ya visiwa, iko mbali huko baharini, ndogo kiasi kwamba ukiwakusanya wananchi wote gulio la Lukozi linaweza kuwameza. Nchi hiyo imeteswa na dawa za kulevya mpaka ikatafuta njia zake, na sasa watu wake wanatembea kubadilishana uzoefu na wenzao. Wamesikia habari za kijiji cha mlimani kilichoishinda bangi. Wangependa kuona kwa macho yao inavyong'olewa na kuchomwa, Jumatano ijayo, ikiwezekana. Darweshi akajibu hakuna shida, waje tu. Alipokata simu ndipo akakumbuka kwamba hakuna bangi.

Sisi watu wa milimani tuna ugonjwa wetu huo. Mgeni akisema amekuja kutazama kitu, lazima akione. Akisema amesikia mna maporomoko ya maji, na hamna, mtampeleka akaone bomba lililopasuka, mradi asirudi kwao akisema alikosa. Darweshi ugonjwa huo aliurithi kwa baba na mama. Kumpigia Angel na kumwambia kwamba bangi imekwisha, waje watazame karoti, hilo halikumpitia hata kichwani.

Lakini bangi ilikuwa shida ndogo. Shida kubwa ilikuwa imelala chumba cha uani, karibu na jiko, imejifunika mablanketi mawili na bado inatetemeka. Ni Jamali, mtoto wake wa kwanza.

Jamali alikwenda Tanga kupaka rangi nyumba, na kwa muda alileta picha za nyumba hizo nyumbani, moja ya kijani, moja ya pinki, baba yake akawa anazionyesha msikitini. Kisha picha zikakoma. Unga ulimkamata, ile heroini inayouzwa kwenye vikaratasi, na mara ya mwisho aliokotwa kwenye mfereji akiwa hana fahamu, waliomwokota wakidhani wanabeba maiti. Mama yake, Hidaya, alishuka peke yake akamleta, wakaingia kijijini ukungu ukiwa umefunga, asiwaone mtu. Tangu hapo kijana alikuwa kwenye arosto, ndivyo wanavyoita wenyewe ule mwili unapoudai unga na haupati. Mifupa inamuuma, kamasi zinamtoka, tumbo halishiki kitu. Na kijiji kizima kinajua kwamba Jamali yuko Tanga, ana kazi nyingi.

Hidaya alikuwa ameshauliza kila kitu. Tanga kuna kliniki inayotoa dawa ya methadoni, haina malipo, mgonjwa anakwenda kila asubuhi anainywa mbele ya nesi na mwili unatulia. Jamali angekaa kwa mdogo wake Hidaya, Zainabu, si mbali na hapo. Kilichobaki ni kumshusha tu. Darweshi akasema atamshusha, wageni wakishaondoka. Kwa sababu kumshusha ni kupita stendi ya Lukozi mchana kweupe, na kupita stendi ni kupita chini ya bango, mwenyekiti mbele, mwanawe nyuma anatetemeka na blanketi.

Hidaya hakupandisha sauti. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Akitoroka safari hii, Baba Jamali, hataokotwa akiwa hai," akasema. "Wageni wako wakimkuta, wamkute. Mimi simfichi tena."

Darweshi akaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia hotuba za wakubwa, kisha akatoka kwenda kutafuta bangi.

Alianzia kwa mzee Mosi, kwani ndiye mtaalamu. Akampa shikamoo, akasifia kabichi zake, akauliza habari za mgongo, akauliza habari za mbuzi. Halafu, akitazama pembeni, akauliza kama kwa bahati mbaya labda kuna mbegu ilidondoka mwaka ule, ikajiotea yenyewe mahali, maana mambo ya Mungu hayo. Mzee Mosi akamkazia macho. Kisha akawaita wake zake wawili waje wasikie, akaapa mbele yao kwamba hajapanda, hapandi na hatapanda, na akamtaka mwenyekiti aingie shambani apekue kila tuta. Darweshi akalazimika kupekua. Alipekua kabichi mpaka suruali ikalowa umande magotini, na akaondoka na kabichi moja ya zawadi, ambayo mzee alimpa ili yaishe.

Akashuka kwa vijana wa bodaboda pale stendi. Hakufika karibu. Walipomwona tu mwenyekiti wa dawa za kulevya anawajia huku anatabasamu, wakajua leo kuna jambo, wakaziacha pikipiki zao na kuingia migombani. Mmoja tu alibaki, na huyo alibaki kwa sababu mguu wake una bandeji. Darweshi alipomuuliza kwa upole kama anafahamu mahali pa kupata kidogo tu, kwa kazi maalumu, kijana akaanza kulia.

Kufika alasiri habari zilikuwa zimeenea. Kundi moja likasema ni mtego wa serikali. Kundi la pili likasema hapana, mtazameni macho, mzee ameanza kuvuta. Baada ya swala imamu alimshika mkono, akamvuta pembeni na kumwambia, kwa huruma nyingi, kwamba mlango wa toba hauna kufuli. Darweshi akashukuru. Afanyeje? Alirudi nyumbani na kabichi yake kwapani, na njiani akajihubiria mwenyewe. Wewe Darweshi ni mjinga wa daraja la kwanza. Ulikuwa na kijiji kisicho na bangi, jambo ambalo ndilo ulilokuwa unalitaka, na sasa unazunguka kama kichaa unalia kwa nini hakina.

Pale njia panda alikutana na Zuberi, katibu wa kamati, rafiki yake tangu madrasa. Zuberi akacheka mpaka akajishika kiuno. Walipomaliza mambo ya bangi wakaulizana habari za watoto, kama desturi. Darweshi akasema Jamali yuko Tanga, kazi nyingi kweli kweli. Zuberi naye akasema binti yake Rahma yuko Bulwa kwa shangazi yake, anachuma chai, hata simu hapati nafasi ya kupiga. Wakapongezana kwa kuwa na watoto wanaojituma, wakaagana.

Aliingia chumba cha uani na kikombe cha chai ya tangawizi. Jamali alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtoka na meno yanagongana.

"Nasikia unatafuta bangi, baba," akasema.

Darweshi akauliza amesikia wapi. Jamali akaonyesha dirisha, kwamba hata kuku wanajua. Kisha akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu aletwe, na kicheko chenyewe kikaishia kwenye kikohozi kirefu. Darweshi alitaka kukasirika, akashindwa, akajikuta naye anacheka, chai inamwagikia mkononi. Kwa kitambo kidogo wakawa baba na mwanawe tu, hakuna mwenyekiti mle ndani.

"Unaenda kuulizia kwa watu, na teja wako mwenyewe unaye hapa nyumbani," Jamali akasema. "Ila na mimi sitakufaa. Changu mimi hakina shina wala majani, baba. Kinakuja kwenye kikaratasi. Hicho utakwenda kuking'oa wapi?"

 Jamali akajifunika vizuri, akafumba macho, na kama mtu anayeongea usingizini akamwambia akate minyonyo michanga, ile mibarika ya kando ya mto, aianike juani inyauke kidogo. Majani yake yana vidole vidole. Wakubwa wenyewe bangi hawaijui, wameiona kwenye mabango tu.

Katika maneno yote hayo, alilolisikia Darweshi ni minyonyo.

Jumatano kamati iliamkia kwenye shamba la maharage la Zuberi. Minyonyo waliyoikata kando ya mto ilikuwa imenyauka vizuri, wakaichomeka kwenye udongo mstari mmoja, wakasogea nyuma kutazama. Kwa mbali, kwa mtu asiyejua bangi, asiyejua mnyonyo na mwenye haraka, ilifanana kabisa.

Gari la wilaya lilifika asubuhi bado kuna ubaridi. Akateremka Angel, kisha wageni wawili wanaume wenye kamera, kisha kiongozi wao, Madamu Silvi, mama mfupi wa makamo, mweusi kama sisi, kilemba kichwani na viatu vya wazi miguuni. Alikuwa anatetemeka kwa baridi ya kwetu. Mtu mmoja akavua sweta lake, akamvisha. Akasalimiana na kila mmoja kwa mikono miwili, Angel akitafsiri.

Kazi ikaanza. Darweshi akashika mche wa kwanza, akakunja uso, akaweka mguu mbele na kuvuta kwa nguvu za miaka yote ya uenyekiti. Mche ulitoka kama kijiko kwenye uji. Darweshi akaenda kinyumenyume mpaka kwenye maharage, akakaa. Watu wakapiga makofi, maana hawakujua la kufanya jingine. Wanakamati wengine wakajifunza, wakawa wanavuta polepole huku wanaguna, na Zuberi alijitahidi mpaka akajifuta jasho ambalo halikuwepo. Wakarundika, wakamwagia mafuta ya taa na kuwasha.

Moto ulipokolea, ndani ya rundo kukalia pa! Halafu pa, pa! Kumbe kuna mche mmoja ulikuwa na mbegu, na hakuna aliyeuangalia. Wageni wakaruka nyuma. Angel akauliza ni nini hicho, na Zuberi, ambaye kwa uongo wa papo hapo hana mwenzake, akamwambia ndiyo nguvu ya dawa yenyewe inatoka. Angel akaandika. Madamu Silvi alisogea karibu na moshi, akanusa, akanusa tena. Akamtazama Darweshi kwa macho ya kucheka kidogo. Darweshi akageuka kuchochea moto.

Ikaja zamu ya hotuba. Mwenyekiti alisimama akaeleza mapambano, ule msitu wa mzee Mosi, hatari walizopita, na akafunga kama anavyofunga siku zote: kijiji hiki hakina mtumiaji hata mmoja. Alipolitamka hilo alimwona Hidaya nyuma kabisa ya watu, kanga kichwani, amesimama tu. Hakutikisa kichwa.  Darweshi akaketi.

Madamu Silvi akauliza swali moja. Wagonjwa wao wa dawa za kulevya wanawatibia wapi?

Darweshi akasema hawapo. Angel akatafsiri. Mama yule akafikiri, halafu akasimama kuzungumza, na maneno yake yalikuwa machache. Alisema kwao hakuna cha kung'oa. Ardhi yenyewe haba, na huo unga haulimwi, unashuka na boti kutoka mbali. Miaka mingi walikimbizana na boti. Walijaza magereza, kisha magereza yakajaa wajomba na watoto wao, kwa sababu nchi ni ndogo na kila anayekamatwa ni ndugu wa mtu fulani. Mwisho wakachoka, wakageukia watu. Sasa kuna gari dogo linalozunguka kila asubuhi kugawa dawa, watu wanatoka majumbani na vikombe vyao vya maji, wanakunywa, wanakwenda kazini.

"Dereva wa gari hilo ni kaka yangu," Angel akatafsiri. "Na yeye ndiye anayekunywa wa kwanza. Watu walipoona kaka wa mkubwa anakunywa hadharani, ndipo wengine walipotoka ndani. Nyinyi mmeshinda mimea. Mimi nilikuja na mashaka kidogo kama nitapata la kujifunza, kwa sababu sisi kwetu hatuna mimea, tuna watu tu."

Hakuna aliyepiga makofi.  Zuberi alikuwa ameinama, anachora chini kwa kijiti.

Chakula kilikuwa kwa mwenyekiti. Sebule ilipangwa makochi ya kuazima, kuku wawili walichinjwa, wali ukapikwa, na mezani pakawekwa plamsi na mapeasi kwenye ungo. Nyumba ya akina Shemboza ina kawaida yake tangu babu yao: mgeni mkubwa hanawi mwenyewe. Huletewa birika na beseni na mtoto wa kwanza wa kiume, naye humnawisha kabla ya mtu yeyote. Jamali aliifanya kazi hiyo tangu birika likiwa linamzidi uzito. Safari hii Darweshi alikuwa amempanga mtoto wa jirani, na Hidaya aliposikia mpango huo asubuhi hakujibu neno. Mwenyekiti akauchukua ukimya wa mke wake kuwa ndiyo. Miaka yote ya ndoa, na bado hajifunzi.

Pazia la uani likafunguka, akaingia Jamali.

Alikuwa ameoga. Amevaa shati jeupe la baba yake, lililompwaya mabegani, na taulo dogo limekaa begani kama inavyotakiwa. Beseni mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia, na vyote viwili vinacheza. Akapiga goti mbele ya Madamu Silvi, akamkaribisha anawe. Maji yakatoka, yakapita pembeni ya beseni, yakamwagikia mama wa watu magotini. Jamali akaomba radhi, akajaribu tena, kifuniko cha birika kikawa kinagonga, kinagonga. Sebule nzima ilikuwa inasikiliza kifuniko hicho.

Madamu Silvi hakujifuta. Alipeleka mkono wake chini ya birika, akalishika pamoja naye, maji yakatulia yakaingia beseni. Akanawa hivyohivyo, mkono mmoja mmoja. Kisha akasema kitu, akimtazama mwenyekiti.

"Anauliza huyu ni nani," Angel akasema.

Uongo ulikuwa umejipanga tayari kichwani kwa Darweshi, mmoja nyuma ya mwingine. Ni kijana wa jirani. Ni kijana wa kazi. Ana malaria, amekuja kupumzika. Wowote kati ya hiyo ungetosha, na watu wangesaidia kuuamini, kwani sisi kwetu ni wasikivu. Lakini Jamali hakuwa anamtazama baba yake. Macho yake yote yalikuwa kwenye birika, ameuma mdomo wa chini, anajitahidi tone jingine lisimwagikie mgeni. Mtoto aliyekuwa anakufa uani alikuwa ameinuka, ameoga, amekuja kuilinda heshima ya nyumba. Na mwenye nyumba alikuwa anatafuta jina la kumkana. Darweshi aliona aibu, na haikuwa ile aliyoikimbia siku zote hizo. Hii ilikuwa kali zaidi, na ilikuwa ya kwake mwenyewe.

"Ni mwanangu," akasema. "Anaitwa Jamali. Anaumwa unga, na mimi nimemficha."

Angel akasahau kutafsiri. Na Darweshi, kwa kuwa mtungi umeshapasuka, akashindwa kujizuia. Akasema ile bangi ni minyonyo. Akasema msitu wa mzee Mosi ulikuwa sawa na kitanda. Akasema jina lake kwenye bango aliliomba mwenyewe, na kwamba amezunguka kijijini akiombaomba bangi mpaka imamu akamwita kwenye toba. Hapo mtu mmoja akashindwa, akaangua kicheko, na kicheko kikazunguka sebule nzima, Darweshi naye akicheka huku machozi yanamtoka, hajui kipi kimeanza. Hidaya alikuwa mlangoni, kanga mdomoni. Akaja akampokea Jamali beseni.

Wakala. Baada ya chakula Angel, ambaye kalamu ameshaiweka kwenye mkoba, alisema wao wanashuka Tanga jioni hiyo hiyo, na kliniki inafunguliwa asubuhi. Wanaweza kumchukua Jamali na mama yake, wawashushe kwa Zainabu. Tatizo ni nafasi. Kiti cha nyuma kimechukuliwa na tenga.

Tenga hilo lilikuwa zawadi ya kijiji. Lilijaa kabichi, karoti, hoho, njegere, na juu plamsi zilizochaguliwa moja moja, limefunikwa majani ya mgomba na kushonwa kwa kamba. Vijana wanne walikuwa wamelipandisha garini. Kwetu mgeni akiondoka mikono mitupu, mwenyeji husemwa mpaka msibani kwake. Watu walikuwa wamejaa barabarani kuaga, mzee Mosi yumo, bodaboda wamo, imamu yumo. Darweshi akapanda gari mwenyewe, akalikumbatia tenga na kulivuta. Lilikuwa zito, likamshinda, akalivuta tena, likateremka pamoja naye wakaangukia barabarani, plamsi zikatawanyika mpaka miguuni kwa mzee Mosi. Mzee akaokota moja, akaipangusa, akala.

Jamali alipita katikati ya watu wote hao na blanketi lake. Alimshika baba yake mkono. Darweshi hotuba zote zilikuwa zimemwishia. Akamfunga blanketi vizuri shingoni kama anayempeleka shule. Madamu Silvi akatoa kichwa dirishani, akasema jambo, akacheka.

"Anasema ile mimea msiwe mnaichoma," Angel akatafsiri. "Kwao wanakamua mafuta yake, wanapaka nywele."

Gari likaondoka, likapita chini ya bango, likapinda. Watu wakatawanyika polepole wakinong'ona, wageni wameondoka bila kitu, hata karoti. Darweshi akaliburura tenga pembeni, akaketi kwenye jiwe pale chini ya bango, jina lake likiwa juu ya kichwa chake. Akachomoa plamsi, akala, kwa kuwa kazi nyingine hakuwa nayo.

Zuberi alikuja akasimama mbele yake. Darweshi akajiandaa kuchekwa. Zuberi hakucheka. Aliomba plamsi, akapewa, akaila yote na kutema kokwa kwenye majani.

"Gari lile linarudi lini?" akauliza.

Darweshi akasema Angel ameahidi wiki ijayo. Akamuuliza kwa nini. Zuberi akatazama barabara upande ule gari lilikopotelea, akajifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Rahma hayuko Bulwa," akasema.

Darweshi akasogea kwenye jiwe, akampisha akae.